Gari ya Mama

Kabla sijasema habari ya gari lazima niseme habari ya viatu. Ukiona haviungani, vumilia. Mimi niliacha shule darasa la tatu na sijui njia fupi ya kufika mahali.

Nilikuwa kijana wa miaka ishirini hivi nilipoandikwa kazi kwenye shamba la kahawa upande wa Ruiru, wakati kahawa ilikuwa imefunika kila mahali na mtu akibanwa hakuhitaji kutafuta kichaka. Siku ya kwanza tulipangwa foleni mbele ya stoo tupewe gambuti, vile viatu virefu vya mpira. Karani wa stoo alikuwa mtu mnene mwenye kalamu sikioni, kalamu ambayo sikuwahi kumwona akiandika nayo. Alikuwa anachota gambuti kwenye gunia na kumrushia mtu bila kuangalia mguu wake. Zote zilikuwa namba kumi na moja. Mguu wangu mimi ni namba saba, na wa baba yangu ulikuwa saba, ukoo wetu haujabarikiwa miguu. Nikamwambia, "Mzee, hizi ni kubwa."

Akanijibu bila kuinua macho, "Utazoea."

Sikuzoea. Nilijaza magazeti, nikajaza majani ya ndizi, nikajaza soksi tatu ambazo moja ilikuwa ya mama yangu. Nikitembea zilipiga kelele chwapa, chwapa, na nyapara alijua nilipo hata akiwa amesinzia. Mvua ikinyesha tope lilizing'ang'ania, mguu unatoka, kiatu kinabaki kimesimama peke yake katikati ya mistari ya kahawa. Karani yule yeye alivaa viatu vya ngozi vilivyomkaa sawasawa. Nilisikia alikufa. Sikwenda kumzika.

Lakini gambuti hizo ndizo zilinipandisha trakta, hilo siwezi kulificha. Nyapara alichoka na kelele yangu. Siku moja akasema, "Huyu hawezi kutembea. Mfundisheni kuendesha, angalau akae." Basi nikafundishwa trakta. Nakwambia ukweli, sijawahi kupenda kitu kama nilivyopenda kile kiti. Ukiwa juu pale unaona shamba lote, unaona vilemba na kofia za wachumaji, unamwona nyapara mwenyewe mahali nywele zimemtoka. Nilianza kuongea kwa sauti nzito. Hata nyumbani nikawa naomba chai kwa sauti nzito, mpaka mama yangu akaniuliza kama nina kikohozi.

Siku moja nimesimama na trela, wanawake wanamwaga kahawa yao, nikasikia mtu ananifokea kutoka chini. Sikumwona. Niliinama ndipo nikaona msichana mfupi, mfupi kabisa, ana debe kichwani, halifiki juu ya trela hata akisimama kwa vidole.

"Wewe wa trakta! Shusha hiyo trela yako! Mimi si tumbili!"

Nikacheka. Yeye hakucheka. Nikashuka, nikambebea debe, nikalimwaga, na kesho yake pia, na mwisho nikamwoa. Tumekaa pamoja miaka ambayo sina haja ya kuihesabu. Nimekwambia hiyo ya trela uiweke mahali, mimi mwenyewe niliisahau na ndiyo iliyoniaibisha.

Shamba lile halipo sasa. Kahawa iling'olewa, wakapanda ghorofa. Ukipita Ruiru leo ni nguo zimeanikwa kwenye roshani tu kutoka chini mpaka mawinguni, na chini ya kila ghorofa kuna duka la kuku wa kukaanga, na kati ya ghorofa na ghorofa kuna yadi ya kuuza magari. Mtu hana mahali pa kupanda sukuma wiki lakini magari mia yamekaa yanaota jua. Sisi tulihamia Gatuanyaga zamani, nikanunua shamba kidogo la mawe na vumbi. Watu wa Thika mjini hutuuliza kama huko kuna fisi. Tuko na fisi wachache kuliko wao.

Shida ya Gatuanyaga ni barabara. Kiangazi ni vumbi mpaka kwenye kope. Mvua ikinyesha ule udongo mweusi unakuwa uji, na nduthi za bodaboda zinalala ubavu na abiria wake. Mke wangu sasa ana goti baya. Miaka ya madebe imelila. Kila mwezi anatakiwa kliniki Thika, wamwangalie goti na presha. Msimu wa mvua uliopita hakuna nduthi iliyokubali kumbeba, na mimi na jirani tukamweka kwenye wilbaro tukamsukuma mpaka kwenye lami. Ilikuwa ni ile wilbaro ya kubebea mbolea. Tuliiosha, lakini wilbaro ya mbolea hata ukiiosha inajulikana. Watu wa stendi walitutazama. Jioni tukarudi naye nyumbani. Akavua kitambaa, akaketi, akasema, "Sitabebwa tena kama samadi. Mvua nyingine ikija na hujapata njia, nitakaa hapa hapa. Goti lioze."

Na huyu si mtu wa kusema halafu asahau.

Ndiyo nikaamua kununua gari. Niliuza fahali wawili na kipande cha shamba kilichopakana na barabara, na mvua ilikuwa haiko mbali. Nikaamua pia ni gari gani. Gari ya juu, zile vijana wanaita esiyuvi, yenye kuvuta kwa magurudumu yote manne. Nilimwambia mke wangu nimechagua hiyo kwa ajili ya goti lake, isije ikakwama naye njiani. Alikuwa anachambua maharagwe. Akaniuliza swali moja tu.

"Iko juu kiasi gani?"

"Juu kabisa!" nikasema, na mkono nikainua. "Hakuna tope la kuifikia!"

Akanyamaza akaendelea na maharagwe yake. Ningekuwa na akili ningeuliza kwa nini amenyamaza.

Mtu akitangaza anataka gari, hapo ndipo utajua ujinga umejaa katika nchi. Kanisani kwetu hakuna aliyeniuliza injini iko namna gani. Wote waliuliza, "Ni namba gani?" maana yake namba ya usajili, imeanza na herufi gani. Siku hizi watu hawanunui gari, wananunua herufi. Kuna shemasi mmoja alinunua ya herufi mpya mpya, injini ikafa baada ya Pasaka, na sasa gari imekaa juu ya mawe nyuma ya nyumba yake. Kila Jumamosi anatoka na kitambaa anapangusa namba. Namba tu.

Nikaenda mtaa wa Landless, kule Thika, kumtafuta fundi. Huyu fundi ninamjua tangu enzi za trakta, ana karakana yake, kama mabati manne na dimbwi la oili vinaweza kuitwa karakana. Ni mtu wa kujisifu na hunuka dizeli hata siku ya Krismasi, lakini masikio yake ni mazuri. Nilimkuta anakula mahindi ya kuchoma.

"Mzee, gari ya juu ni nzuri na ni mbaya," akasema.

"Hiyo hata mbuzi wangu anajua. Nzuri wapi na mbaya wapi?"

"Nzuri, haikwaruzi tumbo. Mashimo yenu ya huko itayapita. Utabeba mama, utabeba magunia ya chakula cha ng'ombe, utabeba na ng'ombe ukipenda. Ukikwama, magurudumu ya mbele yanasaidia ya nyuma." Akatema ganda. "Mbaya, inakunywa. Tairi moja ni bei ya mbuzi watatu. Na ikiugua inaugua kama tajiri, haitaki panadol, inataka daktari mkubwa. Halafu nyingi zilizoko hizo yadi zimeugua tayari, zimepakwa poda tu."

"Basi twende ukaipanguse poda."

"Utanilipia nauli na chakula cha mchana."

"Unakula saa hii!"

"Hii ni ya asubuhi, mzee."

Tulienda siku ya Jumanne, mimi, fundi, na mke wangu. Yeye nilimchukua kwa sababu nilitaka aone. Yadi ilikuwa kando ya barabara, si mbali sana na ile stoo ya zamani, ingawa siwezi kuapa ni wapi hasa maana ghorofa zimeniharibia alama zote. Broka, yaani dalali wa magari, alikuja mbio kabla hatujafika kwenye geti. Kijana wa viatu vyenye ncha, suruali imembana mpaka ukamhurumia, simu mbili mkononi.

"Guka! Shosho! Karibuni sana! Guka unaonekana mtu wa mashine kubwa."

Hajaniona hata dakika moja, tayari mimi ni babu yake, mke wangu ni nyanya yake, na anajua mimi ni mtu wa mashine kubwa. Na mimi, mjinga, nikafurahi.

Akampa mke wangu kiti cha plastiki kivulini na soda. Sisi akatupeleka kwenye gari. Ilikuwa nyeupe ya kumetameta, ndefu kwenda juu, tairi zake zinanifikia kiunoni.

"Hii ni klini kabisa, Guka," akasema.

Nilidhani anasema imeoshwa. Nikamwambia, "Naona. Lakini kuoga si kupona."

"Hapana, klini ni kusema haina shida. Hii ilikuwa ya mama."

"Mama yako?"

"Mama tu. Mwanamke. Gari ya mama, Guka! Nyumbani, kanisani, nyumbani. Haijui hata tope ni nini."

Nikaja kuambiwa baadaye na fundi kwamba hilo ni neno lao la kazi. Kila gari isiyouzika ilikuwa ya mama. Ukiamini mabroka wa Ruiru, wanaume wa nchi hii hawajawahi kumiliki gari, wametembea kwa miguu wakati mama zao wanaendesha polepole kwenda kanisani.

Fundi aliweka kiganja kwenye boneti, akakiacha hapo.

"Imekaa hapa muda gani bila kuwashwa?" akauliza.

"Wiki mbili, fundi. Tulikuwa tunangoja mtu serious."

"Na mbona ina moto? Imelala na homa?"

Broka akacheka, ha ha ha, akaangalia simu moja halafu nyingine. Walikuwa wameiwasha asubuhi ipate joto, tusione moshi wa kuamka. Fundi akatoa sumaku yake kwenye mfuko. Aliitoa kwenye spika ya redio iliyokufa, ameivalisha soksi isikwaruze rangi, na ndicho kitu pekee ninachomheshimia, ukiacha masikio yake. Akaanza kuipitisha kwenye mabati. Mlango wa mbele, sumaku imeshika. Paa, imeshika. Mlango wa nyuma wa kushoto, sumaku ikaanguka chini pa! Akaiokota, akaiweka tena. Ikaanguka tena. Chini ya rangi hapakuwa na bati, palikuwa na unga wa kujazia.

"Mama aligusa geti kidogo," broka akasema.

"Geti ya wapi?" fundi akauliza. "Jela ya Kamiti?"

Mimi nikafungua mlango wa dereva. Kiti kilikuwa kimesukumwa nyuma mpaka mwisho, hata mimi mguu wangu usingefika kwenye breki. Chini ya zulia kulikuwa na vijiti vya miraa vimekauka. Nikamwonyesha kimoja.

"Mama alikuwa anatafuna akienda kanisani?"

"Hiyo ni ya watu wa kuosha, Guka."

"Na miguu yake ilikuwa mirefu kama ya twiga?"

"Guka, wewe ni comedian. Ungekuwa kwa TV."

Basi ndivyo tulivyoendelea, uongo mmoja tukiukanyaga, mwingine unaota. Kilomita kwenye dashibodi zilikuwa chache kiasi kwamba fundi aliuliza kama gari ilikuwa ikibebwa. Lakini sasa sikiliza, kwa sababu sitaki kusema uongo kama broka. Fundi aliwasha injini, akaweka bisibisi ndefu kwenye chuma na mpini wake sikioni, akafumba macho, akasikiliza muda mrefu. Akafungua kifuniko cha oili injini ikinguruma, akanusa. Akalala chini akaangalia chasisi na tochi. Alipotoka, alinivuta kando.

"Mzee, huyu kijana ni mwongo lakini gari si mwongo sana. Mlango uligongwa, ndiyo. Raba za chini zimechoka. Lakini injini ni nzima na chasisi imenyooka. Kwa barabara yenu, akipunguza, chukua. Usimwonyeshe meno tu."

Nikaomba kuiendesha. Nikasogeza kiti mbele, nikavaa miwani, nikaenda na broka mpaka mwisho wa barabara ile ndogo ya nyuma na kurudi. Hapo ndipo lazima nikiri. Mara tu nilipokaa nikasahau mlango, nikasahau miraa, nikasahau vitu vyote. Nilikuwa juu. Niliona ndani ya nyua za watu. Niliona vichwa vya wenye nduthi, niliona kijana wa kuuza mayai ananitazama kutoka chini. Ile sauti nzito ikanirudia, nikamwambia broka, "Hii inaenda," na koo langu likatoa ngurumo ambayo sikuwa nayo tangu shambani. Goti la mke wangu halikuwa kichwani mwangu hata kidogo. Nilisema gari ni yake, lakini kiti kilikuwa changu. Broka aliniona. Hao watu hawajui chochote kuhusu magari, lakini kumsoma mzee anayetaka kukaa juu, hiyo wameisomea.

Tuliporudi, fundi alikuwa na bisibisi yake tayari. "Acha nirudi chini mara ya mwisho niangalie raba za nyuma," akasema, akatambaa, zikabaki nje miguu tu. Nikazima gari, nikaacha miwani kwenye dashibodi, nikashuka, yaani nikaruka, na kumwita mke wangu.

"Mama watoto! Kuja ujaribu gari yako!"

Akaweka soda chini. Akaja polepole, ule mwendo wake wa kutupa mguu pembeni. Alipofika mlangoni alisimama. Sakafu ya gari ilimfikia juu ya kiuno. Akashika mpini wa juu, akainua mguu mzuri, lakini ule mbaya ukabaki peke yake chini na ukakataa kumsimamisha. Akashusha. Akainua mbaya kwanza, haukukunjika. Akajaribu tena na kitambaa kikamteleza kichwani. Watu wawili waliokuwa wakiangalia gari nyingine waligeuka kututazama, kwa uso ule ule wa watu wa stendi siku ya wilbaro.

Broka akakimbia akaleta kreti ya soda, akaipindua chini. "Panda hapa, Shosho, panda tu!" Mke wangu akaikanyaga, kreti ikatingishika. Broka akaenda nyuma yake akaweka mikono tayari, kama mtu anayetaka kusukuma gunia kwenye lori.

"Usiniguse," mke wangu akamwambia.

Akarudisha mikono. Mke wangu akateremka kwenye kreti, akafunga kitambaa chake vizuri, hana haraka, akamgeukia.

"Wewe mtoto. Hii gari ilikuwa ya mama?"

"Ndiyo, Shosho. Mama kabisa."

"Alikuwa anaingia aje?"

Yule kijana akarudi kwenye simu zake mbili. Fundi akacheka kutoka chini ya gari. Mmoja wa wale watu wawili akacheka pia. Broka akaona biashara inateleza, akaweka tabasamu lake tena, akamgusa begani, akasema, "Shosho, usijali. Utazoea."

Nakwambia, nilisikia harufu ya gunia la gambuti. Nikamwona karani na kalamu yake sikioni. Halafu nikajiona mwenyewe, na huko sikupenda kuangalia. Kwa sababu broka ni broka, kazi yake ni hiyo, lakini mimi ndiye niliyeulizwa iko juu kiasi gani na nikainua mkono kwa furaha.

Nikaweka ufunguo juu ya boneti. Nikampa mke wangu mkono.

"Guka? Guka, unaenda wapi? Tuongee! Naweza kuweka ngazi hapa pembeni, ni kitu ya siku moja! Bei si bei, tunaongea!"

Huenda ngazi ingefaa. Sijui. Sikugeuka kuuliza. Kwa mwendo wa goti lile kutoka pale mpaka getini ni safari, na tuliitembea yote na yule akituita nyuma, Guka, Guka, mpaka heshima ikamwishia na sauti yake ikaanza kutuita kwa jina la mnyama. Fundi alikuwa bado chini. Nilimsikia akipiga kelele, "Mzee, washa kidogo nisikie!"

Tulipofika kwenye lami mke wangu akaegemea mkono wangu, akapumzika.

"Ulisahau trela?" akaniuliza.

"Nilisahau."

"Hm," akasema. Tukaendelea kutembea.

Miwani yangu ilibaki kwenye ile dashibodi. Sijarudi kuichukua.